Huyo Ana Lake: Mazungumzo ya Tanga juu ya Neno Moja la Kiingereza

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na wanangu wa kidato cha tano na cha sita: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wakubwa zangu shikamooni.

Mwalimu wa Kiingereza aliyenialika amenipa neno moja tu la kuzungumza. Anasema vijana wanalikuta vitabuni, wanalipenda kwa urefu wake, kisha wanalipachika popote palipo na nafasi. Waingereza huliandika "idiosyncrasy". Mimi leo nitalitamka kwa sauti zetu, idiosinkrasia, ili tusiumane ndimi. Kamusi nyingi zitakupa tafsiri ya haraka: tabia ya pekee ya mtu. Si uongo. Ila ukiishia hapo utaandika sentensi niliyoonyeshwa asubuhi hii, kwamba "idiosinkrasia ya watu wa Tanga ni ukarimu". Watu wa Tanga wote? Wanangu, hiyo ni sifa ya mji, na tunaipokea kwa mikono miwili, lakini neno hili haliwezi kubeba mji mzima. Hubeba mtu mmoja, na likizidiwa, wachache.

Tuanze na tahajia, maana msahihishaji wa mtihani hana huruma. Mwisho wa neno ni s na y. Wengi huandika c na y, hata Waingereza wenyewe, kwa kudhani ni ndugu wa "democracy". Si ndugu. Demokrasia inatokana na kratos, neno la Kigiriki la nguvu na utawala. Neno letu linatokana na krasis, yaani kuchanganya. Mbele yake kuna syn, pamoja, na mwanzo kabisa kuna idios, la mtu mwenyewe. Ukiunganisha unapata mchanganyiko wa mtu mwenyewe. Na kwa kuwa tumefika hapo, kutoka kitenzi hichohicho cha kuchanganya Wagiriki walipata krater, chombo kikubwa cha kuchanganyia divai na maji, kwa sababu kwao kunywa divai tupu kulihesabiwa ushenzi. Jina likahama kutoka kwenye chombo likaenda kwenye mdomo wa volkano. Kwa hiyo dereva wa watalii anayewaambia wageni wake "kesho tunashuka kreta" ya Ngorongoro anataja chombo cha divai bila kujua, na wala haina haja ajue.

Mchanganyiko wa nini, sasa? Wa majimaji ya mwili. Matabibu wa Ugiriki ya kale, na baada yao Galen aliyetibu watu Roma katika karne ya 2, walifundisha kwamba mwili una vitu vinne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Kila kimoja kina joto lake au baridi yake, ukavu wake au unyevu wake. Afya ni vinne hivyo kukaa sawa. Na kila mtu ana kipimo chake, ndiyo maana chakula kilekile kitamnenepesha huyu na kumharisha yule.

Msidhani haya ni mambo ya mbali. Waarabu walitafsiri vitabu vile, wakalipa wazo la krasis jina la mizaj, ambalo nalo kwa Kiarabu lina asili ya kuchanganya. Elimu hiyo ikavuka bahari ikafika huku kwetu Pwani. Wazee wanaojua tiba za zamani bado wataueleza mwili wako kwa hari na baridi, yabisi na rutuba, yaani joto na ubaridi, ukavu na unyevu. Bibi anayelalamika magoti anasema ana baridi yabisi. Maneno mawili hayo ni utambuzi kamili wa kitabibu wa miaka karibu elfu mbili: mwili umezidiwa na ubaridi na ukavu. Safura nayo, ambayo leo zahanati wanaitumia kwa ugonjwa wa minyoo inayomaliza damu, kwa asili yake ya Kiarabu ni ile nyongo ya manjano. Kwa hiyo msije mkaniambia kwamba wazo hili ni geni kwetu. Neno ni geni. Wazo limekaa barazani siku nyingi.

Kiingereza kililichukua neno mwanzoni mwa karne ya 17, nalo likawa la matabibu kwanza. Lilieleza umbile la mwili wa mtu mmoja. Baadaye likapanda kutoka mwilini kwenda akilini, likawa la mazoea, ladha na mwenendo. Lakini chumba chake cha kwanza ni cha mganga, na mimi nataka tukae humo kidogo, kwa sababu humo ndimo maana yake inapoonekana vizuri. Mimi si daktari. Nilifundisha lugha, na tangu nistaafu nafasiri zile karatasi nyembamba zinazokunjwa mara nane ndani ya boksi la dawa, ambazo ninyi mnazitupa bila kuzisoma.

Wa umri wangu mnaikumbuka klorokwini. Ndiyo iliyokuwa dawa yetu ya kwanza ya malaria mpaka 2001. Uchungu wake ulikuwa unabaki kooni hata baada ya chai ya sukari nyingi. Unameza, homa inashuka, unamshukuru Mungu, kisha usiku mwasho unaanza: viganja, nyayo, mgongo, kichwani. Ukitazama ngozi huoni kipele hata kimoja. Katika kitanda kimoja mama anajikuna kwa chanuo mpaka adhana ya alfajiri, na baba, aliyemeza vidonge vilevile vya pakiti ileile, anakoroma. Naona wazee mnacheka, mlikuwepo.

Je, mwasho ule ulikuwa idiosinkrasia? Kijana wa mbele anatikisa kichwa kukubali. Subiri. Waliowashwa walikuwa wengi sana miongoni mwetu Waafrika, kiasi kwamba kila muuguzi aliutarajia na watu walikataa dawa kwa ajili yake. Jambo likishakuwa la wengi hivyo, likishatarajiwa, linatoka mikononi mwa neno hili. Linakuwa madhara ya kawaida ya dawa.

Sasa chukua dawa iliyofuata, ile ya SP, yenye salfa ndani. Maelfu kwa maelfu waliimeza wakaenda zao. Wachache mno, hata mmoja katika kijiji kizima asionekane, ngozi ilibabuka, midomo na macho vikachubuka, wakalazwa. Kipimo kilekile, dawa ileile, na hakuna aliyeweza kusema kabla kwamba atakuwa fulani. Hapo mfamasia atatumia neno letu bila kusita. Mwaka 1977 wataalamu wawili wa Uingereza, Rawlins na Thompson, waliyagawa madhara ya dawa mafungu mawili: yale yanayotokana na kazi ya dawa yenyewe kuzidi, ambayo ukipunguza kipimo yanapungua, na yale ya ajabu yasiyofuata hesabu hiyo. Idiosinkrasia imo katika fungu la pili.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha primakwini, na hiki nitakieleza polepole.

Katika miaka ya 1940 Marekani ilikuwa ikitafuta dawa za malaria kwa ajili ya askari wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago wakaweka kazi yao katika gereza la Stateville, jimbo la Illinois. Wafungwa waliambukizwa malaria na kupewa dawa. Walisaini kwamba wamekubali. Mfungwa anakubalije, hilo ni swali ambalo watu wa maadili ya utafiti hawajaacha kuliuliza, nami silimalizi hapa. Primakwini ilipojaribiwa, wengi hawakupata tabu. Baadhi, wengi wao wakiwa Wamarekani weusi, siku chache baadaye mkojo ukawa wa rangi ya kahawa, mgongo ukauma, macho yakaingia manjano. Damu yao ilikuwa inapasuka ndani ya mishipa.

Wangeweza kuandika "idiosinkrasia" kwenye faili na kwenda kula chakula cha mchana. Madaktari wengi kabla yao walifanya hivyo kwa dawa za jamii hiyo. Hawa walifanya jambo la akili sana. Walichukua chembe nyekundu za damu za mtu anayedhurika, wakazitia alama kwa kromiamu nururifu ili waweze kuzifuatilia, wakamwekea mtu asiyedhurika. Akapewa primakwini. Zile chembe za kuazima zikapasuka, zake mwenyewe zikabaki salama. Kisha wakageuza: chembe za mtu asiyedhurika wakamwekea yule anayedhurika. Dawa ikatolewa, nazo hazikufanywa kitu ingawa zilikuwa ndani ya mwili wa mwenye tatizo. Mwaona walichokipata? Ubaya haukuwa katika ini wala figo wala tumbo. Ulikuwa ndani ya chembe yenyewe. Mwaka 1956 wakatangaza kilichokosekana: kimeng'enya kinachofupishwa G6PD, kinachoilinda chembe nyekundu isiunguzwe na dawa za namna ile.

Leo inajulikana kwamba watu mamia ya milioni duniani wana upungufu huo, kwamba hurithiwa kupitia kromosomu X na kwa hiyo wanaume ndio huonekana nao zaidi, na kwamba umeenea hasa katika nchi ambazo malaria imekaa zamani, kwa kuwa unampa mtu kinga fulani dhidi yake. Sisi wa ukanda huu tumo. Dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap, ambayo ilijaribiwa hata hapo Muheza na kuonekana inaua vijidudu vizuri, iliondolewa sokoni 2008 kwa sababu dawa ya dapsoni iliyokuwamo iliwapasua damu wenye upungufu huohuo. Na primakwini bado inatumika, kwa kipimo kidogo cha mara moja, kwa kuwa sasa watu wanajua wanachokicheza nacho.

Nimekaa hapa muda mrefu kwa makusudi. Kabla ya 1956 mkojo ule wa rangi ya kahawa uliitwa idiosinkrasia. Baada ya hapo ukapata jina, kipimo cha maabara na tahadhari yake. Kwa hiyo nasema hivi, na mwalimu wa Kiingereza anisamehe kama anaona natia chumvi: mara nyingi neno hili ni jina la kiungwana la "sababu yake hatujaijua". Anayelitumia vizuri analijua hilo. Anayelitumia vibaya hulifanya kufuli.

Sasa tutoke hospitali tuje mtaani, maana ninyi mtalitumia zaidi kwa watu.

Ngamiani, kwenye barabara moja ya zile za namba, palikuwa na fundi baiskeli. Mjini hapa mafundi baiskeli hawahesabiki, lakini huyu watu walimjia kutoka mitaa mingine. Ukimpelekea ringi iliyopinda hakuishika kwanza. Aliigeuza baiskeli miguu juu, akakuomba unyamaze, akaomba hata mwenye redio azime, akafumba macho. Kisha akazungusha gurudumu kwa kidole kimoja na kuzigusa spoku moja moja, ting, ting, ting, mpaka isikike moja iliyotoa sauti butu. Hiyo ndiyo aliyoikaza. Vijana walimwita mchawi wa ringi. Mwingereza angesema ana idiosinkrasia zake, na angekuwa sahihi kwa siku hiyo. Mimi nilimuuliza. Akaniambia macho yake ya karibu yalishachoka, spoku akiitazama anaona mbili, ila iliyolegea haiwezi kuficha sauti. Baada ya jibu hilo sikuweza tena kuyaita mambo yake kituko. Ulikuwa ufundi. Kilichobaki kuwa idiosinkrasia, kwa haki kabisa, ni kwamba hakukubali kupokea hela kwa mkono. Lazima uiweke juu ya tandiko la baiskeli. Kwa nini? Hakusema, na hakuna aliyewahi kusema.

Mwaona basi jinsi neno linavyokaa. Linahitaji mwenyewe, mtu wa kumnyooshea kidole. Linahitaji jambo dogo linalojirudia. Aliyevaa kanzu ya kijani siku moja hajafikia. Na linahitaji kwamba wengine hawafanyi hivyo, na kwamba sababu haionekani kwa mtazamaji. Halihukumu. Humo hamna ubaya wala uzuri, kwa hiyo ukitaka kumsifu msichana aliyeongoza mkoa mzima kwa hisabati usimpe hili, atakushangaa.

Kwa kuwa halihukumu, ndiyo maana Waingereza hulipenda wanapotaka kuhukumu bila kuonekana. Katika barua ya kumtambulisha mtu kazini, ukisoma kwamba utendaji wake ni wa "idiosinkrasia kiasi", kaa chini usome tena. Mwandishi anasema huyu bwana hufanya kazi kwa namna anayoijua yeye, na atakayekaa naye ofisi moja ajiandae. Sisi twasema "huyo ana lake", na tukivuta lile "lake" kidogo, kila mtu barazani keshaelewa bila barua.

Mipaka ya kundi nayo muichunge. Lahaja ya Mtang'ata si idiosinkrasia ya mtu wa Mtang'ata. Ni mali ya jamii, ina kanuni zake, mtoto hufunzwa na mama yake. Lakini mzee mmoja wa huko akiwa kila akimaliza sentensi anaongeza "na mambo kama hayo", hata anapotaja bei ya samaki, hilo ni lake. Wanaisimu wana neno la usemi wa mtu mmoja, idiolekti, lililoundwa na Mmarekani Bernard Bloch mwaka 1948, na mbele yake mwaiona ile idios ileile. Imo pia katika "idiot", ambayo kwa Wagiriki alikuwa mtu wa kawaida asiyeshika mambo ya umma, kabla haijageuka tusi.

Majirani wake ni wengi. Nitataja wawili tu. "Eccentric" maana yake aliye nje ya kitovu, lilikuwa neno la wanajimu na duara zao. Hilo humpima mtu mzima, wakati idiosinkrasia hupima kijitabia kimoja. Na "peculiar" linatokana na Kilatini cha mali binafsi, ile mali ndogo ambayo mtumwa au mtoto wa nyumba aliruhusiwa kuiita yake, na nyuma yake kabisa kuna neno la mifugo. Mbuzi wako mmoja ndani ya zizi la bwana. Nalipenda sana hilo, lakini leo si zamu yake.

Wanaosoma biashara watalikuta pengine kabisa, kwenye hisa na hatari. Huko idiosinkrasia ni hatari ya kampuni moja pekee. Bei ya mkonge duniani ikianguka, kama ilivyotokea nyuzi za plastiki zilipoingia sokoni kwa nguvu katika miaka ya 1960, mashamba yote kuanzia Korogwe mpaka Pangani yanaumia pamoja. Hiyo ni hatari ya wote na huwezi kuikimbia ndani ya mkonge. Korona ya shamba moja, yaani mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge, ikivunjika wakati wa kukata majani, hiyo ni ya shamba hilo. Mwenye hisa za mashamba kumi hataisikia sana. Wachumi wanalitumia neno kwa usafi kuliko watu wa fasihi, nakiri.

Sasa Kiswahili chake. Mtaulizwa mtafsiri, na mtatafuta neno moja. Msilitafute. "Upekee" unaelekea kwenye sifa. "Vituko" vinachekesha na wakati mwingine vinadhalilisha. "Hulka" ni pana mno, ni mtu na undani wake wote. "Mazoea" yanaweza kuwa ya kila mtu. Kwa mtu, mimi hutumia kijitabia chake, au mambo yake mwenyewe, au nasema tu ana lake, kutegemea anayesema ni nani. Mwandishi akimtaja babu kwa mapenzi, "babu na mambo yake" inatosha na inazidi.

Kwenye karatasi ya dawa sina ruhusa ya kucheza hivyo. Pale huandika kwamba madhara haya huwapata watu wachache tu, hayatabiriki wala hayategemei umemeza kiasi gani, na ukiyaona uache dawa na urudi kituoni na boksi lake mkononi. Ni maneno mengi kwa neno moja, na wenye kiwanda hulalamika kwamba nafasi haitoshi. Mama wa Pongwe anayesoma karatasi ile kwa mwanga wa simu, mtoto akiwa na homa pembeni, ndiye ninayemwandikia. Na ninyi mkipewa dawa iliyowahi kuwadhuru, mtajieni mfamasia jina lake kabla hajafunga bahasha. Msiseme "ile nyeupe". Zote ni nyeupe.

Karibuni maswali. Wanafunzi kwanza, wazee wenzangu mtasubiri.